Harrison wa Ghorofa ya Tisa

Kila nikinusa rangi ya viatu, hata nikiwa nimesimamishwa mbele ya mwalimu wa nidhamu anayetaka kujua nani kaficha kengele, nakumbuka viatu viwili vyeusi mlangoni kwetu, mtaa wa Al Nahda, Uarabuni.

Nilikuwa na miaka saba. Sisi ni akina Harrison kwa sababu babu yangu wa Njombe alibatizwa jina hilo. Ghorofa ya tisa ya jengo letu aliishi mzee wa Kiingereza, na jina la ukoo wake lilikuwa hilohilo. Tukikutana naye kwenye lifti, Baba alininong'oneza, "Neema, msalimie babu yako mdogo." Mama aliuma mdomo asicheke. Mimi niliamini. Ile rangi yake, nilijiambia, ni baridi ya kwao. Msinicheke.

Kisha Babu wa Njombe akafariki. Arbab, tajiri wa ghala la Jebel Ali alikofanya kazi Baba, akamnyima likizo. "Khalas, yamekwisha, mwezi ujao." Babu akazikwa mwanawe hayupo. Baba alitandika mkeka sebuleni akakaa. Majirani Waganda walileta chai, wakatupa pole, wakakimbilia zamu zao. Nikamsikia Baba akimwambia Mama, "Hata mtu mmoja wa ukoo wa baba yangu, mama Neema. Mmoja tu."

Sasa mimi si nilikuwa namjua mmoja? Nikapanda lifti, nikagonga mlango, nikamwambia yule mzee kwa Kiingereza changu cha darasa la pili kwamba ndugu yake amekufa na watu wanamngoja.

"Ndugu yangu yupi?" akauliza.

"Harrison. Wa Njombe."

Akarudi ndani, akatoka na koti na viatu vinavyong'aa, vinanuka rangi mbichi. Mlangoni kwetu akavivua. Akashuka mkekani kwa taabu, magoti yakilia, akakaa. Mama alinikata jicho. Nikajua fimbo iko njiani. Baba akamgeukia mgeni wake, akasema kwa Kiswahili, "Karibu, baba mdogo." Safari hii hakuwa anatania. Mzee hakuyajua maneno yale, ila aliinamisha kichwa, na hakuondoka mpaka adhana ya magharibi.

Kwa miaka nilidhani jina ndilo lililomleta. Lakini jina alikuwa nalo siku zote zile za lifti, na hakuwahi kuja kwetu. Nimechelewa kuelewa kwamba alijua, tangu mlangoni kwake, kuwa hana ndugu Njombe. Akaenda kuchukua koti.