Ala ya Bastola Isiyokauka

Kokila, aliyenipangisha chumba cha juu kule Harrow, London, alizaliwa Nakuru nyuma ya duka la ngozi la baba yake, na mpaka leo naamini hakuwahi kutoka humo. Mwili ulipanda ndege mwaka sitini na nane pamoja na Wahindi wenzake waliowahi Uingereza kabla mlango haujafungwa. Roho ilibaki kule ikinusa ngozi. Ungemkuta jikoni na kijiko mkononi, maziwa yanamwagika, macho yamezama kwenye ukungu wa dirishani, na ukimwuliza anaona nini angekujibu kwa upole kwamba leo flamingo wamejaa ziwani. Mimi Mardhiya ni mtu wa Unguja, nilifika London kabla yake kwa sababu zisizopendeza kusimulia, na sina subira na ndoto za mchana. Lakini maziwa niliyafuta mimi.

Siku za kazi alishona mikoba kiwandani. Jumamosi alikaa mezani jikoni na sindano za marehemu baba yake, akishona chochote kilicholetwa. Ndipo Jumamosi moja ya Novemba akaja Avtar, Mpunjabi mrefu wa kilemba cha buluu, mkusanya tiketi katika kituo cha treni. Kule Nakuru alikuwa karani wa shamba la pareto. Kila mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyeleta mishahara kutoka benki, bastola kiunoni chini ya koti, ndani ya ala ya ngozi aliyoshonewa na baba yake Kokila. Kokila ni Mgujarati, na lugha waliyokutana nayo wawili hao ilikuwa Kiswahili, kwa hiyo sikupitwa na neno.

Avtar aliweka mezani karatasi ya mkate. Ndani yake mlikuwa na bastola, inang'aa kama ya jana.

"Mungu wangu! Umeipitishaje?" nilipiga ukelele.

"Ndani ya debe la samli," alisema bila haya. "Nani ataingiza mkono kwenye samli ya Mhindi?"

Ala ya zamani ilikuwa imelegea, na bastola ilitokeza kwenye koti. Alitaka mpya. Vijana wa Kizungu wenye mabuti walikuwa wakiwavizia watu wetu njiani. Mwenzake wa kazini walimvunja taya. "Mimi sitavunjwa taya, Kokilaben," alisema, akimwita dada kwa Kigujarati. "Nataka vitu vitatu. Isionekane, isidondoke, na mtu asiweze kuichomoa."

Sikupata kumwona Kokila yuko macho vile. Alimsimamisha, akamkalisha, akamtaka anyooshe mkono kama anayepokea tiketi. Kwapani hapana, alisema, ukiinua mkono koti linafunguka. Ngozi ya mbuzi hapana, ni nyembamba, umbo litajichora. Akachagua ngozi ya bega la ng'ombe, ikae ndani ya suruali nyuma ya nyonga ya kulia, mdomo mgumu usiojifumba, na ifunike pale pa kufyatulia, kidole kisifike kabla ya wakati.

"Sasa bastola itabaki hapa," alimaliza. "Ngozi inaloweshwa, inavishwa bastola yenyewe, halafu inakauka nayo mpaka ishike umbo. Baba alikuwa anaipaka bastola grisi kwanza, isishike kutu. Kule Nakuru siku mbili, kwisha."

"Na hapa?"

Kokila alitazama ukungu. "Hapa nani anajua?"

Avtar alitoa risasi, akazitia mfukoni, akaondoka shingo upande.

Mlango ulipofungwa nilimvaa. "Wewe una wazimu! Polisi wakiikuta humu utafungwa wewe, na mimi n'tarudishwa nisikotaka kurudi!"

"Nikikataa atakwenda kwa fundi mwingine," alisema. "Akiivaa, ataua mtu, na atafungwa maisha. Iko na watoto watatu, huyu."

Nilivuta pazia la dirisha, nikaufunga mlango kwa ufunguo.

Asubuhi yake aliniuliza, taratibu, kama anayeota, "Mardhiya, maji ya chumvi yanakula chuma?"

Swali gani hilo la kumwuliza mtu wa pwani! Kwetu bawaba za mlango hazikai. Nikamwekea kopo la chumvi mezani, nikapanda juu. Mimi siingilii mambo ya watu.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani, aliinyunyizia maji ya chumvi ile ala aliyoishona, bastola ikiwa ndani, kama anayemwagilia mrehani. Grisi hakuipaka. Na kila Jumamosi Avtar alibisha hodi.

"Imekauka?"

"Bado. Nchi hii ni maji tupu."

Basi atakaa, anywe chai, wamtaje mwuza mkate wa mtaa wao, na vumbi la Januari, na mvua inayoanzia upande wa mlima Menengai, mpaka hita ya mafuta ya taa inanukia kama jiko la mtu fulani niliyempenda zamani. Mara nyingine niliona hata mimi nimeacha kufuma, namtazama mama yangu akipita Mkunazini, kule Unguja.

Mwezi wa Machi Avtar alikuja mchana wa Jumapili. Jicho limevimba, mdomo umepasuka, na kilemba kakibeba mikononi. Nywele zake sikuwahi kuziona. Nilijua ni nani aliyempeleka mikono mitupu mbele ya wale vijana.

"Leo naondoka nayo," alisema. "Ikiwa mbichi, mbichi hivyohivyo."

Kokila aliileta. Avtar alishika mpini, akavuta. Haikutoka. Akaibana magotini, akavuta kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka, na kutu ikachuruzika kwenye mishono. Aligusa ile kutu, akaonja kidole.

"Chumvi," alisema. "Nani?"

"Mimi," tulijibu sote wawili.

Nilingoja atupige. Alikaa kitini polepole, akaanza kulia, mtu mzima yule, bila kujificha.

"Jana mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe," alisema. "Yule aliyenivua kilemba ana chunusi. Umri wake sawa na mwanangu, Kokilaben. Ningekuwa nayo, saa hii yeye yuko kaburini."

Nililia na mimi, nisifiche. Kisha Kokila alichukua ile nguo ya buluu, akaikung'uta matope. Kilemba cha Kalasinga ni kirefu, hakikunjwi na mtu mmoja. Nyumbani kwake Avtar mkewe ndiye humshikia. Kokila alishika ncha moja akarudi nyuma mpaka mlangoni, Avtar akasimama na ncha ya pili karibu na jiko, wakaivuta ikanyooka katikati ya jikoni.

"Kesho bastola nitaipeleka kwa wakili, anifikishe polisi," alisema Avtar. "Na risasi zake. Wakinifunga, wanifunge kwa hilo tu."

"Vuta vizuri," alisema Kokila.

Avtar alivuta. "Nilisema mtu asiweze kuichomoa. Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Basi umemshinda baba yako," alisema, akaanza kukunja.