Mama Bilonda, Karani Anayeita Malori Kama Baiskeli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtaani Manika, Kolwezi. Mwanamume wa miaka sitini na miwili amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, kavaa soksi mguu mmoja, na anapaza sauti kana kwamba nyumba inaungua.

"Kumi na saba! Tatu! Arobaini na moja! Tisa!"

Mkewe hageuki. Macho yako kwenye kioo cha kompyuta, vidole vya mkono wa kulia vinaruka juu ya vitufe vya namba. Chai imepoa. Jirani anagonga ukuta.

"Leka agonge," mwanamke anasema. "Ita, Dodo. Ita!"

Huyo ni Henriette Bilonda, miaka hamsini na minne, karani wa mizani ya malori. Baada ya saa moja na nusu atafanya mtihani wa kompyuta. Makarani ofisini kwao ni watatu. Kuanzia mwezi ujao nafasi zitakuwa mbili.

Kwa miaka kumi na tisa amepokea malori ya mawe ya shaba yanayotoka upande wa mgodi wa Mashamba, na kuyaandika kwa kalamu katika kitabu kikubwa cha jalada jeusi: namba ya mlangoni, uzito, saa. Mwezi uliopita kampuni yao ndogo ya usafirishaji ilileta kompyuta tatu na shefu mpya wa ofisi, Tata François Mukalay, mwenye miaka thelathini na mitatu na viatu ambavyo bado havijajua vumbi. Sharti likabandikwa mlangoni: kila karani aingize safari themanini kwa dakika arobaini. Atakayekuwa wa mwisho ataaga.

"Mi naogopa, sifichi," Mama Bilonda anasema, kwa Kiswahili cha Kolwezi ambacho "njo" ni "ndiyo". "Ile mushahara njo inatulisha. Njo inanunua na dawa ya kiuno ya Dodo."

Mshahara wenyewe ni dola mia mbili na themanini kwa mwezi. Mumewe, Dodo Kitenge, aliuza mikate kwa baiskeli mpaka nyonga ilipokataa, miaka sita sasa.

Kompyuta ya nyumbani haikununuliwa kwa ajili ya kazi. Ilitoka Likasi mwaka 2011, ofisi moja ilipofungwa, ikafika Kolwezi juu ya magunia ya vitunguu, na kwa mwezi mzima ilinuka hivyo. Ilinunuliwa kwa ajili ya mbio za baiskeli.

Katika nyumba hii, mbio hizo zina meza yake na zina siku yake. Jumapili za kiangazi, vijana wa Kolwezi, Fungurume na Tenke wanaposhindana, Dodo husimama kwenye mstari wa mwisho na kuita namba za mgongoni. Mama Bilonda huandika bila kuinua kichwa. Mmoja anaita, mwingine anaandika. Waendesha baiskeli ishirini wakifika kwa mkupuo, hakuna mtu duniani anayeweza kutazama na kuandika pamoja.

Matokeo huingizwa nyumbani siku hiyo hiyo. Humo ndani wamo waendesha baiskeli mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na mizunguko yake. Dodo naye yumo: wa saba, mwaka 1991. Hilo hulitaja mara kwa mara. Mkewe hutaja kwamba walioanza walikuwa tisa, na wawili walipasukiwa na tairi.

"Mi nilimaliza," Dodo anajitetea. "Kumaliza njo kazi."

"Ulimaliza, papa. Chakula ilikungojea mpaka ikapoa."

Hapo umeme unakatika. Kioo kinakuwa cheusi, zoezi la mwisho halijafika nusu. Hakuna anayetania tena. Mama Bilonda anajifunga kitambaa kichwani, anavaa viatu na kutoka.

Saa mbili kamili. Ofisi ya mizani ni chumba chenye vioo vyekundu kwa vumbi, na kando yake kile cha shefu. Meza ya kwanza ni ya Jémima, miaka ishirini na sita, aliyesomea kompyuta Lubumbashi. Ya pili ni ya Sadrack, mwenye vidole vya haraka kwa sababu simu haimtoki mkononi. Mbele ya kila mmoja kuna rundo la nakala zile zile za karatasi themanini za mizani za Ijumaa.

"Mama, ukichoka unasema," Sadrack anachokoza.

"Nikichoka utasikia nakoroma. Angalia karatasi yako, mutoto."

Tata François anatazama saa. "Tuanze."

Mama Bilonda anaandika jina lake. Kioo kinajibu: Bilondq. Kibodi ya nyumbani ni ya Kifaransa, hii ni ya Kiingereza, na herufi zimehama bila kuaga. Anafuta. Anaitafuta A kwa kidole kimoja kama mtu anayetafuta sindano. Dakika mbili zimekwenda, na lori hata moja halijaingia.

Namba, kwa bahati, ziko palepale kulia. Lakini hapa hakuna wa kuita. Inambidi asome karatasi, ainue macho, apoteze mstari, arudi. Dakika ya kumi na mbili ameingiza karatasi kumi na moja. Rundo la Jémima limeshuka karibu nusu. Shefu anapita nyuma ya Mama Bilonda, anatazama, anaendelea mbele.

Anainua mkono.

"Tata Shefu, naomba mutu mumoja aniitie namba."

"Hapana, Mama. Kila mutu peke yake."

"Ata mulinzi?"

"Ata mulinzi."

Anaushusha mkono. Jasho limefika kwenye kidevu. Kisha midomo inaanza kucheza, kwanza bila sauti, halafu na sauti kidogo, halafu na ile sauti ya mstari wa mwisho, ya Dodo yenyewe.

"Sitini na mbili, tani thelathini na moja, saa mbili na dakika tano! Kumi na nane, tani ishirini na tisa, saa mbili na dakika nane!"

Jémima anaziba sikio moja. Sadrack anacheka mpaka anapoteza mstari wake.

"Mama, uko ku kinga?" anauliza. Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa huku.

"Niko mu mbio. Toka mu njia."

Vidole vinaifuata sauti. Dakika ya thelathini zimeingia karatasi sitini na moja. Dakika ya thelathini na mbili, sitini na sita. Hesabu inaonyesha atamaliza.

Halafu anaita: "Arobaini na saba, saa nne na dakika ishirini!" Na vidole havishuki.

Anaita tena, polepole. Anapekua rundo alilokwisha kuingiza. Hiyo hapa: lori lile lile, namba arobaini na saba, limepimwa saa tatu na dakika hamsini na tano. Dakika ishirini na tano tu kabla. Kutoka mizani hadi shimoni, kupakia na kurudi ni saa moja na nusu, hata dereva akiwa hana akili.

Kwenye mbio za baiskeli jambo hili lina dawa moja. Anayemaliza mzunguko haraka kuliko inavyowezekana amekata njia, na haandikwi mpaka aulizwe. Mama Bilonda amewatoa vijana wanne kwa namna hiyo. Mmoja ni mpwa wa Dodo, na mpaka leo hawaamkiani vizuri.

"Andika tu, Mama," Sadrack ananong'ona. "Ni mutihani, haina kazi."

Zimebaki dakika saba. Akiandika, huenda nafasi ni yake. Anaiweka karatasi pembeni. Sasa kila inayofuata anaisoma mara mbili, na mbele kidogo anaikuta arobaini na saba kwa mara ya tatu, nayo anaiweka pembeni.

"Tosha," anasema Tata François.

Jémima, themanini. Sadrack, themanini. Mama Bilonda, sabini na mbili.

"Mama, sharti ni themanini. Na hizi mbili, juu ya nini ziko pembeni?"

"Ile lori imekata njia, Tata."

"Njia gani?"

"Inarudia ata haijaenda."

Shefu hacheki. Anazichukua karatasi mbili, anaingia chumbani kwake, anafunga mlango. Nje malori yanapiga honi.

Zikapita siku tatu. Nyumbani kompyuta haikuwashwa, ingawa umeme ulikuwepo. Dodo aliacha kutaja mwaka 1991, na hapo ndipo mkewe alipojua kwamba naye anaogopa.

Alhamisi karatasi ilibandikwa mlangoni. Nafasi ya kwanza, Jémima. Nafasi ya pili ilikuwa na majina mawili, Bilonda na Sadrack, kwa majaribio ya miezi mitatu, kisha abaki mmoja.

"Lori ile tulikuwa tunailipa safari ambayo haikufanya," Tata François anaeleza. "Mama aliona, benye kumaliza themanini habakuona. Lakini nahitaji karani ambaye hatasikika mpaka kule Kingamyambo."

Kwa hiyo kila mmoja amepewa sharti lake. Sadrack asome anachoandika. Mama Bilonda afikishe themanini, mdomo umefungwa.

Tangu hapo kila asubuhi anafanya mazoezi kwa kuitia tumboni. Dodo husimama nyuma ya kiti kama kawaida, ila sasa kazi yake ni kunyamaza, na si kazi anayoiweza. Jana alifika sitini na nane kwa dakika arobaini, kimya. Miezi mitatu itaisha siku malori yatakapoanza kukwama kwa mvua.

"Nitafika," anasema. "Ile kumi na mbili iliyobakia, nitaikamata."

Jumapili hii waendesha baiskeli ishirini na wanne wataingia Kolwezi kutoka Tenke. Sadrack ameomba kuja kuona jinsi wanaokata njia wanavyokamatwa, na ameambiwa aje na kiti chake. Dodo amekwishanoa koo kwa chai ya tangawizi.

"Kunywa tu," mkewe anamwambia, akimwekea kalamu na daftari mbele. "Juma nzima namezaka namba mu tumbo. Jumapili weye utaandika. Kuita, njo mimi."