Roboti Yangu na Sabato ya Mama

Mwenye nyumba wangu hapa Migori aliweka vigae vyeupe sakafuni, utadhani hajawahi kuona vumbi la mji huu. Nilichoka kuinama na ufagio, nikanunua roboti, kile kiduara kinachozunguka chumbani kikifagia chenyewe. Niliiseti ianze kazi kila Jumamosi asubuhi, nikiwa kanisani. Nilijiona mjanja sana: nyumba inang'aa, na Sabato sijaivunja.

Kisha Mama akaja kunitembelea kutoka Ndhiwa. Jumamosi tulikuwa tumeshavaa viatu vya kanisani roboti ilipoanza kunguruma.

"Nani anafagia leo?" Mama akauliza.

"Si mimi, Mama. Ni mashine."

"Na mashine inamfanyia nani kazi?"

Aliniamuru niizime, akaiokota kwa mikono miwili, akailaza kwenye kochi na kuifunika leso yake.

"Pole na kazi," akaiambia. "Leo pumzika."

Siku hizi Mama hupiga simu kila Ijumaa jioni, kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Kwanza anauliza kama roboti imelala. Mimi naulizwa kama nimeosha vyombo.