Database yetu ya bure ilikuwa inakufa kila wikendi, mpaka nilipomfumania muuaji

Wakuu, salaam kwa wote humu. Nimesoma wanaosema database za open source, hizi za bure, ni takataka, nikaona nisinyamaze. Haya yalinipata mimi, chumvi sijaongeza.

Miaka ya tisini inaisha. Zahanati moja ya kanisa huko Nyamira, upande wa Ikonge, ikanipa kazi yangu ya kwanza: kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Mke wangu ndiyo kwanza amejifungua.

Hela ya software hakuna. Nikaweka mfumo wa Linux na database ya bure (jina sitaji, tusianze vita ya mashabiki).

Ilikuwa nyepesi ajabu. Mashine yenyewe kuukuu ya msaada, lakini ukitafuta mgonjwa, anatokea hujakaa vizuri.

Shida ni moja. Kila Jumapili asubuhi nikiingia, table ya wagonjwa, yaani orodha yao yote, haifunguki.

Kwa wasiojua, database ile enzi hizo haikuwa na transactions, ile kinga ya kazi iliyokatizwa. Ikikatizwa ikiandika, kazi inabaki nusu nusu na haijui kurudi nyuma. Na hakuna ofisi ya kupigia simu.

Uzuri, ilikuja na program ya kuitengeneza. Naiendesha huku naomba Mungu, inafunguka, ila wagonjwa kadhaa hawapo. Nesi wetu anawaandika upya, amenuna.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mwalimu mstaafu, akanichoka.

"Kitu cha bure hakina mwenyewe," akaniambia. "Jumapili hii ikikataa tena, itolewe, na wewe uende nayo."

Nilikosa hata hamu ya ugali, wakuu. Nyumbani Nyamache kuna mtoto mchanga, na kazi nyingine sina.

Sasa, kila Ijumaa jioni nilikuwa nimeipanga database ijumlishe rekodi za wiki yenyewe, sisi tukiwa tumeenda. Ijumaa hiyo nikabaki kuichunga.

Jua linaanza kuzama, inaandika vizuri. Mara screen ikawa nyeusi. Kutoka nje, namkuta Mzee Ombati, mlinzi wetu, mkono uko kwa swichi kubwa ya ofisi.

"Mzee, stima imepotea?"

"Haijapotea, mwanangu. Nimezima mimi. Sabato inaingia."

"Unazimanga kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Amri inasema hata ng'ombe apumzike. Hii mashine yenu ni nani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzee akaniangalia kama mtu wa kuombewa.

Nikamwomba aniwashie kidogo. Akakubali kwa shingo upande. Nikaitengeneza, nikaandika upya waliopotea, nikahamisha ile kazi ya kujumlisha iwe Ijumaa mchana, nikazima mwenyewe.

Jumapili mwenyekiti akaja akasimama nyuma yangu. Ikafunguka. Wagonjwa wa Ijumaa wote ndani. Akavua miwani, akasema, "Basi wacha ikae."

Wakuu, niliskia mabega yakishuka. Nilifika Nyamache nikamwambia mama watoto, "Tumebaki kazini." Alinipa mtoto nimshike, akaenda jikoni, nikamskia akiimba.

Nilichojifunza: cha bure kitakupa kasi na uhuru, lakini hakikupi mtu wa kulaumu. Kabla ya kuitukana database, kaa nayo jioni moja uone inaishi na nani.

Wa Postgres, ile database nyingine ya bure, najua mmeshika kiti tayari kubisha. Karibuni, ila matusi muache mlangoni.