Mkalimani wa Akiba

Ukitaka kumuudhi Anyosisye, usimtukane. Msifie Kisa mbele yake, kisha mtazame mishipa ya shingo.

Walisoma pamoja Dar es Salaam, darasa moja la tafsiri na ukalimani, wawili pekee kutoka Kyela. Anyosisye ndiye aliyeongoza mitihani. Aliamini, na mpaka leo anaamini, kwamba mkulima akinyimwa habari za shamba lake kwa lugha aliyonyonya nayo, amenyimwa shamba lenyewe. Maneno hayo aliyasema kanisani, kwenye basi, hata kwa kinyozi huku wembe uko shingoni. Watu walimsikiliza, wakakubali kwa vichwa. Kisha wakauliza Kisa atakuja lini.

Alimsikia Kisa akimkalimani mhubiri kwenye mkutano wa injili Mbugani. Mhubiri akinguruma, Kisa naye ananguruma. Mhubiri akilegeza sauti, Kisa anailegeza hata akina mama wa nyuma wanaacha kujipepea. Mama mmoja alimgeukia Anyosisye akasema, "Huyu binti wangemwachia tu ahubiri mwenyewe." Anyosisye akatabasamu kwa meno ya mbele tu.

Na yeye? Kwenye semina ya mpunga kule Njisi, hakupoteza neno hata moja. Mwenyekiti wa kitongoji alisinzia mpaka kofia ikamwanguka.

Mwaka huu shirika moja la kakao lilitafuta mkalimani wa kudumu. Afisa wake, Oswald, Mhaya asiyejua Kinyakyusa zaidi ya kusema "ndaga" akipewa chai, aliwajaribu wote wawili. Jaribio la mwisho lilikuwa Busale, ambako mgeni kutoka Uholanzi angezungumza na wakulima. Oswald akampa Kisa nafasi hiyo. Anyosisye aende naye, alisema, awe wa akiba.

"Akiba!" Anyosisye alimfokea rafiki yake Yohana, fundi simu. "Kama tairi!"

"Tairi la akiba nalo hufika mwisho wa safari," Yohana alimjibu bila kuinua macho. "Tena halichakai."

Siku moja kabla ya mkutano, Oswald alipiga simu.

"Anyosisye bwana, Kisa hapatikani. Mwambie msemaji wa wakulima amebadilika. Yule wa kwanza ana malaria. Atasema mzee Andongwisye."

"Andongwisye yupi? Si yuko Tukuyu anatibiwa mguu?"

"Amerudi leo. Mwambie Kisa ajizoeze jina, asije akalikosea mbele ya mgeni."

"Nitamwambia."

Oswald hakujua alichokisema. Mzee Andongwisye ni baba mkwe wa Kisa. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawakai baraza moja. Mwanamke akimwona mzee anakuja, huiacha njia. Wengi siku hizi wamelegeza. Mzee Andongwisye hakulegeza hata uzi mmoja, na Kisa, pamoja na digrii yake, alikuwa ameishika heshima hiyo tangu siku aliyoolewa. Sasa asimame naye bega kwa bega, amtazame mdomo, aseme "mimi" kwa niaba yake? Thubutu.

Anyosisye alikwenda mpaka kwa Kisa. Hilo lazima lisemwe. Alimkuta barazani anapepeta mchele.

"Kaka Anyo, karibu! Simu yangu imeingia maji, niko gizani kabisa. Kuna jipya la kesho?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisa akaongeza, "Wewe ndiye mwenye misamiati. Nikikwama, utanishika mkono?"

Hata unyenyekevu wake ulimchoma. Mtu aliyeshinda ana haki gani ya kuwa mpole pia?

"Hakuna jipya," alisema. "Wewe nenda ukang'are."

Kesho yake wakulima walijaa kwenye uwanja wa chama chao, mbele ya ghala la mabati, vichanja vya kakao vimesogezwa kando. Mgeni alizungumza Kiingereza, Kisa akapokea. Sentensi ya pili tu, watu wanacheka. Anyosisye, kwenye benchi la pembeni, aliung'ata mdomo wake.

Ndipo mzee Andongwisye alipoingia na fimbo yake. Kisa aliona fimbo, akaona mguu. Sentensi ilimkatikia mdomoni. Akajifunika kitenge kichwani, akainama, akaondoka mbiombio kwenda nyuma ya ghala. Wanawake waliguna. Wanaume walitazama chini.

"Anaumwa?" Oswald aliuliza. Hakuna aliyemjibu, jambo hilo halielezwi mzee mwenyewe akiwa amesimama hapo. "Anyosisye, ingia!"

Aliinuka, amejaa furaha, akasimama palepale alipokuwa Kisa.

Mzee akaanza kwa Kinyakyusa, polepole. "Mgeni, karibu. Kakao tutaifikia. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama hapo. Nimeingia kama ng'ombe aliyevunja zizi, nikamkimbiza mbele za watu. Mimi sikuambiwa yupo. Naye hakuambiwa nakuja. Ninavyomjua, angebaki nyumbani. Basi katikati yetu yupo aliyejua, akanyamaza. Huyo ametuvua nguo sisi wawili." Akamgeukia Anyosisye. "Mwambie. Usipunguze."

Anyosisye alitazama uso wa Oswald: haujui kitu. Ule wa mgeni: haujui kitu. Angesema tu mzee anawasalimu na anaomba radhi kwa jambo dogo la kifamilia. Mgeni angeitikia kwa kichwa, kazi ingekuwa yake.

Lakini kwenye pembe ya ghala la mabati aliona pindo la kitenge. Kisa yuko pale, anasikiliza. Hawezi kusema, hata kukohoa asingethubutu, mkwe wake akisikia. Atasikiliza tu. Na Anyosisye alijua kabisa Kisa angeyasemaje maneno yale: wapi angetua, wapi angeshusha sauti. Kisa asimame pale nyuma amsikie anaboronga? Ajue moyoni kwamba angemzidi, tena hata hapa?

Haikuwa dhamiri iliyomfungua mdomo. Ulikuwa wivu uleule.

Alisema yote. Alikuwa ng'ombe, alikuwa zizi, alikuwa baba aliyefedheheshwa. Mgeni alijishika kifua. Wakulima wasiojua Kiingereza waliitikia "eee" mahali penyewe hasa, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Alipofika kwa yule aliyejua akanyamaza, sauti yake ilishuka yenyewe, na macho ya Oswald yakapanda.

Mkutano ulipokwisha, Oswald alimngoja kwenye gari.

"Jana nilimpigia nani?"

"Mimi."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

Oswald alifungua mlango, akaufunga tena. "Kazi ni ya Kisa. Nimeshaelezwa mambo ya mkwe. Mzee akiwepo, tutatafuta mtu mwingine. Si wewe." Akakuna kidevu. "Na sijawahi kusikia ukalimani kama wa leo. Hilo ndilo linaloniuma."

Mzee alipokwisha kuondoka, Kisa alitoka nyuma ya ghala, kitenge kimerudi kiunoni. Anyosisye alijiandaa kwa tusi. Alilitamani, kwa kweli.

"Jana nilikuuliza," Kisa alisema.

"Uliniuliza."

Kisa alikung'uta vumbi la ghala mikononi. "Pale kwa ng'ombe," akasema, "mimi ningelileta zizi kwanza, watu walione limesimama, ndipo ng'ombe aingie. Lakini ulivyosema wewe pia pamekaa vizuri."

Akapanda gari, kiti cha mbele. Hakuaga.

Anyosisye alirudi kwa miguu, mashamba ya mpunga huku na huku. Alijaribu sentensi ile kwa sauti, kama alivyoisema mwenyewe. Akaijaribu ya Kisa, zizi kwanza, ng'ombe baadaye. Akairudia.

Ilikuwa bora. Akasonya, akapiga teke bonge la udongo, akaendelea kutembea.