Kabla Hujafungua Shtaka

Siku niliyosikia shtaka likisomwa mbele ya watu naikumbuka bado, mwanangu, na bado inaniuma. Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi bibi harusi wa juzi hapa Ijumbi. Tulirudi kanisani tukakuta kahawa tuliyoanika imetoweka pamoja na mkeka wake. Mume wangu, Mutalemwa, alikuwa mwepesi wa hasira. Kwa kuwa jirani yetu Rwegasira alionekana akipita kibanjani, shambani mwetu mwa migomba, akaamua huyo ndiye mwizi. Na Rwegasira alikuwa ndugu yake wa kuchanjiana. Walikuwa wamekula kiapo kwa kugawana punje za tunda moja la kahawa, zilizopakwa damu yao.

Tukaenda barazani Muleba. Karani, mzee wa Kiislamu kutoka Bukoba mjini, aliweka kalamu chini.

"Bwana Mutalemwa, shtaka ni neno lenye asili ya Kiarabu. Mwanzo wake ni kulalamika, mtu kusema panapomuuma. Hapa barazani ni kumtaja mtu na kosa lake, aitwe ajibu. Nikishaandika, jambo si lako peke yako tena. Umeshamlalamikia mwenyewe?"

"Mwizi nimlalamikie nini? Andika."

Akaandika. Rwegasira akaletwa na tarishi, shtaka likasomwa huku wakwe zake wakisikiliza. Alijibu, "Si kweli," basi.

Hazikupita siku nyingi, wifi yangu akarudi kutoka msibani Buganguzi. Kumbe aliona mvua inakuja, akaiingiza kahawa yetu nyumbani kwake, kisha akaitwa msibani akaondoka mbio. Jamani, niliona aibu!

Mume wangu alifuta kesi, tukaenda kwa Rwegasira na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, na kikapu cha kahawa za kutafuna, kama watu wetu wanavyopatana. Alitukaribisha vizuri, hata akanitania kwamba ndoa imeninenepesha. Kisha akaturudishia kikapu chetu cha kahawa.

"Ungekuja na uchungu wako, Mutalemwa, tungeitafuta wote. Wewe ulinitumia tarishi."

Hakutafuna hata moja. Mume wangu alipofariki, Rwegasira alikuja, akachimba kaburi, akaondoka bila kula.

Mwanangu, unataka kumshtaki mwenzako kesho. Sikukatazi, mahakama ni ya watu. Ila leo pita kwake kwanza, ukae, umwambie panapokuuma, nawe umsikilize. Mungu akulainishie ulimi, na kahawa utakayompelekea aipokee.