Ndoo iliyotua mbele ya mwenye jengo

Mama Shiro haondoki. Mwenye jengo letu hapa Nakuru ametamka hivyo leo asubuhi, kamba ya ndoo yangu ikiwa mkononi mwake.

Wacha nieleze.

Maduka ya chini hayajawahi kupata mpangaji. Mama Shiro huuza mboga kwenye veranda ya maduka hayo, nasi wa juu humteremshia ndoo kwa kamba. (Habari za lifti tuziache.)

Leo mwenye jengo alimleta mwanamke anayetaka kufungua duka la dawa. Mama Shiro alikuwa ameshaambiwa afungashe, veranda ipendeze.

Mimi wa ghorofa ya nne sikujua. Nikateremsha ndoo. Ikatua katikati yao.

"Mzee, nishikie hiyo kamba kidogo," Mama Shiro akamwambia, akipakia viazi vya Molo. "Huyo wa juu hana subira."

Akashika.

"Na dania," nikaita.

Mgeni akatazama juu, akaona kamba zingine zikining'inia.

"Hizi ndoo zinaweza kubeba dawa?"

"Hata unga zinabeba," Mama Shiro akasema.

"Basi nachukua duka. Lakini huyu mama abaki hapa."

"Haondoki," mwenye jengo akasema, kamba bado mkononi.

Duka la dawa linafunguliwa Jumatatu. Jirani mwenye kamba fupi, aunganishe kabla ya hapo.